Usimbebe, Msindikize

Mdogo wangu wa Ruangwa, ujumbe wako umefika, na leo naanza na wewe kwa sababu jambo lako haliwezi kusubiri.

Kwa nyie wengine, ili mtufuate: shule ya mdogo wangu huyu imechagua wanafunzi wachache, yeye akiwemo, kuwa waelimishaji rika. Wakapewa semina ya siku moja, fulana yenye maandishi mgongoni, na makofi mstarini. Wiki haijaisha, mtoto wa kidato cha kwanza akamfuata mdogo wangu bombani, akamweleza jambo zito linalotokea pale anapolala, kisha akamwapisha: usimwambie mtu. Tangu hapo dada wa watu halali. (Mambo kadhaa nimeyageuza ili asitambulike yeye wala mtoto. Ukijiona humu, jua si wewe.)

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, si wiki ijayo, mtafute huyo mtoto mkae mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Chini ya mwembe panatosha. Mwambie: "Ulichoniambia nimekiamini. Na kwa sababu nimekiamini, siwezi kukiacha kikabaki kwangu na kwako tu. Tunahitaji mtu mzima. Wewe chagua nani, mimi nitakwenda na wewe." Mtajie watu wawili watatu unaojua hawatamgombeza: mwalimu wa malezi, matroni, nesi wa zahanati, bibi yake. Akilia, mwache alie. Akisema umemgeuka, pokea hasira zake wala usijitetee. Akikataa katakata, mweleze kwamba utakwenda mwenyewe, na utakwenda saa ngapi, asije akasikia kwa mtu mwingine kwamba umesema.

Kama jambo lenyewe ni la kuingiliwa kimwili na limetokea siku hizi mbili tatu, usingoje hata hiyo kesho. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Asioge, nguo asizifue, apelekwe hospitali. Maswali ya nani kafanya nini yatafuata baadaye, na yataulizwa na watu wanaolipwa kuyauliza, si wewe.

Halafu hilo la kukosa usingizi. Usidhani ni dalili kwamba hufai. Umepewa kazi ya kupokea, hukuonyeshwa pa kupeleka, na yeyote angekesha. Kwa hiyo mazungumzo yetu yaliyobaki nayaelekeza kwa waliokuvisha ile fulana na wenzao.

Mwalimu wa Nachingwea uliyeniuliza jinsi ya kuandaa wanafunzi wa kujitolea ili wawe msaada kwa wenzao, vuta kiti. Jibu lako ni refu.

Nina jambo moja tu la kukuambia, mengine yote yanatoka humo. Mwanafunzi hafundishwi kumbeba mwenzake, anafundishwa kumsindikiza. Kwetu mgeni akiaga humwachi mlangoni. Unatoka naye hadi njia panda, unahakikisha ameiona njia, halafu unarudi kwako ukalale. Semina nyingi zinamfundisha mtoto kumweka mwenzake mgongoni, na hakuna anayemwambia njia panda iko wapi.

Wilaya yenu inajua mradi uliopangwa mbali unavyokufa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Pori likafyekwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Reli nayo ikaja kung'olewa. Waliopanga walikuwa na matrekta, hawakuwa na habari za udongo wala mvua ya hapa. Na pale Farm 17, hapo hapo Nachingwea, ndipo baadaye wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walipowafunza wapiganaji wao hadi Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975, kwa sababu wenyewe walijua wanamwandaa nani na kwa kazi gani. Basi kabla hujaandika ratiba ya semina, kaa na kalamu uandike: wanafunzi wa shule yangu wanabeba nini hasa?

Nikusaidie kuanza. Tangu shule za kata zilipojengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, watoto wengi wa vijijini wanasoma kutwa mbali na kwao. Wanapanga chumba karibu na shule, geto, wawili watatu, mtoto wa miaka kumi na minne anajipikia mwenyewe na mwenye nyumba anadai kodi kwa mtoto. Anayeishi kwao anatembea kilomita kadhaa, na huko njiani kuna wenye pikipiki wanaotoa lifti ambazo hazina nauli siku ya kwanza. Kisha kuna msimu. Ruangwa, Nachingwea na Liwale mmeunganishwa hata katika jina la chama chenu kikuu cha ushirika, RUNALI, kwa hiyo nikisema msimu mnanielewa: korosho zinaanguka, wazazi wanahamia mashambani, nyumba inabaki na watoto, na mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba, ndani ya msimu huo huo. Mabibo nayo yanaanguka, uraka, pombe ya mabibo hayo, unakuwa wa bei ya maji, na kuna mvulana atakayekuja darasani ananuka, au asiyenuka lakini usiku mzima alikuwa anamkwepa baba aliyekunywa. Pesa ya msimu inaingia nyumba moja na kuondoka na baba wa nyumba nyingine. Mwingine alifika kidato cha kwanza kwa kumkaidi mzazi aliyemtaka ajaze madudu kwenye mtihani wa darasa la saba, sasa kila anaposhika daftari anasimangwa.

Hayo ndiyo utakayoyasikia. Semina iliyotoka Dar es Salaam na vipeperushi vya "epuka makundi mabaya" haitakusaidia sana hapo.

Sasa, umchague nani? Naomba usiwachukue viranja. Sina ugomvi nao, wana kazi yao, ila kazi yao ni kuandika majina ya wachelewaji. Mtoto hawezi kumfungulia moyo mtu aliyemwandika jana. Wala usichukue kumi bora wa darasa kwa sababu wanajieleza vizuri mbele ya wageni. Gawa vikaratasi, kila mwanafunzi aandike kwa siri jina la mwenzake ambaye angemwendea akiwa na shida. Utashangaa. Litatoka jina la msichana wa kiti cha nyuma ambaye walimu hamjui hata sauti yake. Litatoka la kijana anayeshinda uwanjani akiota kuvaa jezi ya timu ya Namungo. Kisha angalia pengo: kuna anayeishi geto? Kuna wa bweni? Na kama shuleni kwako yupo msichana aliyerudi masomoni baada ya kujifungua, nafasi iliyofunguliwa na serikali Novemba 2021, muulize yeye mwenyewe kama angependa. Muulize faraghani, na akikataa iishie hapo. Asigeuzwe mfano wa kuonyeshwa wageni.

Kujitolea ni kujitolea. Mwanafunzi aliyetajwa na wenzake bado ana haki ya kusema hapana, na uso wako usibadilike akisema hivyo.

Ukishawapata, kitu cha kwanza kuwafundisha ni kunyamaza. Ni kigumu kuliko unavyodhani, maana shule zetu zinampa alama anayejibu haraka. Wakae wawili wawili, mmoja aeleze jambo dogo la kweli lililomkera wiki hii, mwenzake asikilize dakika tatu bila kushauri, bila kusema "hata mimi", bila kusema "pole, yataisha". Baada ya hapo arudie kwa maneno yake alichosikia na amuulize: nimekuelewa? Mara ya kwanza watacheka, na wenye utani watataniana mpaka zoezi liharibike. Waache, mrudie. Mara ya pili kuna mmoja ataanza kulengwa na machozi kwa jambo ambalo alidhani ni dogo, na hapo darasa zima litaelewa bila wewe kueleza.

Kumkumbusha mwenzako dua au sala si vibaya, sote tuna imani zetu. Ubaya ni kuitumia kufunga mazungumzo. "Muombe Mungu tu" likisemwa dakika ya pili, maana yake ni "sitaki kusikia zaidi".

Hapa nina kisa ninachokipenda. Mwaka 1953 padri mmoja wa Kianglikana jijini London, Chad Varah, alianzisha huduma ya simu kwa watu waliokata tamaa ya kuishi. Watu wakaja wengi, yeye ni mmoja, wakawa wanasubiri foleni. Watu wa kujitolea wakawa wanawapa chai na kukaa nao. Baada ya muda akaona kwamba wengi wakishakunywa chai na kuongea na wale wa kujitolea, hawahitaji tena kuingia kwake. Kufikia mwaka uliofuata aliwaachia wao kazi ya kusikiliza. Ndivyo walivyozaliwa Samaritans. Hawakuwa wataalamu wale. Lakini ona na upande wa pili: mlango wa padri ulikuwa pale pale nyuma yao. Aliyeshindikana alikuwa na pa kuingizwa.

Wa jirani zaidi ni Wakenya. Tom Osborn na wenzake wa taasisi ya Shamiri waliwachukua vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakawapa mafunzo mafupi, wakawaingiza shuleni kuongoza vikundi vya wanafunzi: vikao vinne, saa moja kila kimoja. Hawakuongelea ugonjwa. Waliongelea kwamba mtu hubadilika na hukua, waliongelea shukrani, na mambo ambayo mtu anayathamini maishani. Matokeo ya utafiti wao kwa wanafunzi 413 yalichapishwa mwaka 2021: dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopitia vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Mimi nakuomba ulitazame hilo la umri. Wasaidizi walikuwa wamewazidi wanafunzi kidogo tu, lakini wameshatoka shuleni; hawali nao, hawalali nao, hawagombei nao ndoo bombani. Nachingwea mna Chuo cha Ualimu. Mna pia vijana waliomaliza kidato cha nne mwaka jana wanaosubiri kuitwa kidato cha tano, wapo nyumbani tangu Desemba hadi katikati ya mwaka wanapigiwa kelele za "huna kazi". Kwa vikao vya kikundi, watafute hao kwanza. Wanafunzi wenyewe uwaachie ile kazi ndogo ya bombani na njiani, ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kuifanya.

Nimefika kwenye siri. Hapa nitakaa.

Msichana wa Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua aliyepita unyago anajua siri kuliko mimi na wewe. Ameambiwa mapema kwamba ya ndani hayasemwi nje, na amelishika. Mvulana wa jando hali kadhalika. Siji hapa kuyasema vibaya mambo ya wazee, na nawajua makungwi ambao mtoto akiwa na shida angewafuata wao kabla ya mwalimu yeyote. Lakini ukimwambia kijana aliyelelewa hivyo kwamba "mambo ya wenzako ni siri", ataichukua hiyo siri kwa uzito ambao wewe hukuukusudia. Atakufa nayo. Kwa hiyo mafunzo yako yasianze na neno siri. Yaanze na mpaka wake.

Mpaka unasemwa kabla mwenzako hajafungua mdomo, si baada. Wafundishe sentensi hii waijue kama jina la shule: "Utakachoniambia sitakitangaza. Lakini nikisikia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kuna mtoto mwingine yuko hatarini, nitamwambia mwalimu fulani, na nitakuambia kabla ya kwenda." Watakuuliza: si watakimbia wakisikia hivyo? Wachache watakimbia. Wengi watakaa, kwa sababu mtu mwenye mzigo wa namna hiyo mara nyingi anatafuta wa kumtoa nao nje, anaogopa tu kutoka peke yake. Na asiyetaka kusema leo amejua mlango ulipo.

Igizeni. Mmoja awe anayeapisha, "niapie kwanza", mwingine ajifunze kutoapa. Igizeni na lile gumu zaidi, mwenzako anaposema hataki kuishi. Watu wengi wanaogopa kuuliza waziwazi, wakidhani swali litampandikizia wazo. Tafiti hazioneshi hivyo. Kuulizwa kwa upole humpa mtu nafasi ya kupumua. Mwanafunzi wako hatakiwi kupima wala kutibu. Anatakiwa afanye mambo mawili: asimwache peke yake hata kwa dakika ya kwenda chooni, na amtume mtu akamwite mtu mzima. Sheria yetu ya adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo hufanya familia zifiche. Wanafunzi wajue kwamba anayesema anataka kufa hajatenda kosa lolote. Anahitaji hospitali na watu.

Marekani kuna mpango unaoitwa Sources of Strength uliojaribiwa katika sekondari 18, matokeo yakatoka mwaka 2010. Wanafunzi walioandaliwa kuwa viongozi rika, kwenye shule zile kubwa, walikuwa mara nne zaidi ya wasioandaliwa kumpeleka kwa mtu mzima rafiki anayewaza kujiua. Kipimo walichokiangalia ni kumpeleka. Hawakuwauliza wamewatibu wangapi.

Kwa nani, sasa?

Mwalimu wangu, hapa ndipo miradi mingi inapovunjika miguu, na fulana haziwezi kuificha aibu hiyo. Ukiwafundisha wanafunzi ishirini kusikiliza bila kumwandaa mtu mzima hata mmoja wa kuwapokea, umefungua bomba bila ndoo. Kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo, shule iwe na walimu wawili, mwanamke na mwanaume, ambao majina yao yanajulikana kwa kila mwanafunzi. Wasiwe wa nidhamu. Wasiwe wanaoshika fimbo wiki hiyo. Wawe na ratiba: Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi yupo chumba kile, hata kama hakuna anayekuja, yupo, anasahihisha madaftari. Serikali imeshaelekeza shule ziwe na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Kama lako ni karatasi tu ukutani, hii ndiyo kazi ya kulitoa ukutani.

Na hao walimu wawili nao wapewe mafunzo. Wafundishwe kutosema "kwa nini ulikuwa huko saa hizo". Wafundishwe kutomwita mwanafunzi ofisini kwa kipaza sauti mstarini. Wafundishwe kutolirudisha jambo chumba cha walimu likawa habari ya chai ya saa nne. Mwanafunzi mmoja akisikia siri ya mwenzake kutoka kwa mwalimu asiyehusika, funga kitabu. Hakuna atakayekuja tena mpaka kizazi hicho chote kihitimu.

Njia ya mbele iandikwe. Kutoka kwa mwalimu inakwenda kwa mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii. Ukatili unakwenda polisi, dawati la jinsia na watoto. Majeraha yanakwenda hospitali. Na kama anayelalamikiwa ni mwalimu? Usijifanye hukulifikiria, wanafunzi wanalifikiria. Njia ya pembeni iwepo nayo imeandikwa: ofisi ya ustawi wa jamii moja kwa moja, au simu ya huduma kwa mtoto, 116, ambayo ni bure. Mwanafunzi shuleni hana simu, basi waambie ni nani ataazimisha yake bila kuuliza ya nini.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Nalitaja kwa sababu ya desturi moja tunayoijua wote: kuyamaliza nyumbani. Mtoto kaumizwa, familia mbili zinakaa, mbuzi au laki kadhaa zinatoka, wakati mwingine mtendaji wa kijiji mwenyewe yupo mkekani kama shahidi, na Jumatatu mtoto anarudi darasani kukaa kimya. Huku kwenu mjomba ana kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake, na nimewaona wajomba waliotumia kauli hiyo kukataa mbuzi na kwenda polisi. Nimewaona pia waliopokea mbuzi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24: karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Pigia hesabu darasa lako la watu sitini. Halafu uone kama mzigo huo ni wa kumwekea mtoto wa kidato cha tatu mwenye fulana.

Kuhusu kuwatunza wenyewe nitasema machache. Wakutane na mwalimu mlezi kila wiki, nusu saa, wasimulie wamesikia nini bila kutaja majina. Daftari lao liandikwe idadi na aina ya shida tu. Daftari lenye majina litasomwa na mtu, hilo nakuhakikishia. Wasifanye kazi hiyo usiku magetoni, na mvulana asimfuate msichana chumbani kwake kwa jina la kusaidia. Kidato cha nne wapumzishwe kuanzia Julai, nafasi zao zichukuliwe na wa kidato cha pili waliokuwa wanajifunza pembeni yao. Anayesema "nimechoka" aachiwe bila kuulizwa mara mbili. Posho msiahidi; ikija na mfadhili itaondoka naye, na kikundi kitaondoka nayo. Uji na mihogo siku ya kikao vinatosha, hilo hata kamati ya shule inaliweza.

Dada mwingine ameuliza, yeye ni mwelimishaji rika wa mwaka wa pili: afanyeje kwa rafiki yake anayemwita kila siku, kila jioni, kwa jambo lile lile la mpenzi? Mdogo wangu, huyo si mwenye shida, huyo ni rafiki yako na anakupenda. Mpangie siku. Siku nyingine mwambie una hesabu za kufanya, na uzifanye kweli.

Na wazazi wa Mnero, Nkowe, Naipanga na kwingineko mnaouliza mbona watoto wenu wamepewa kazi hii hamkuulizwa: mna haki ya kuuliza. Mwalimu, waite uwaeleze kabla ya kuanza, uwaombe ridhaa ya maandishi, na uwaambie wazi kwamba watoto wao hawatapeleleza nyumba ya mtu. Ila chagua wakati. Ukiitisha kikao Oktoba utahutubia madawati, watu wote wako kwenye korosho. Ufanye mapema Agosti: minada ya ufuta imeshapoa, mikorosho ndiyo kwanza inachanua, na mjomba hana pa kusingizia.